Majaribio 13 badala ya 1,024

Ndugu, umeeleza kwamba programu yenu ya malipo ina vipengele 10 vya kuwasha na kuzima, na unauliza kama kupima kila jozi ya vipengele kunatosha, kwa kuwa michanganyiko yote 1,024 haipimiki kwa mkono. Kwa mfumo unaoshika fedha za watu, nakushauri usiishie kwenye jozi. Rick Kuhn na wenzake wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, walipochunguza kumbukumbu za hitilafu za programu mbalimbali, waliona kwamba nyingi husababishwa na kipengele kimoja, au viwili vikikutana. Lakini zilikuwepo zilizohitaji vitatu au zaidi, ingawa hawakukuta iliyozidi sita. Majaribio 13 yaliyopangwa vizuri yanafikia kila utatu wa vipengele vyako: yapange kwenye jedwali ambamo kila mstari ni jaribio moja na kila safu wima ni kipengele kimoja, 0 ikiwa kimezimwa na 1 ikiwa kimewashwa; chagua safu wima tatu zozote, nawe utakuta hali zote nane, kuanzia 000 hadi 111. ACTS, programu ya kupanga majaribio ya namna hii, itakutengenezea jedwali la aina hiyo.

Kinachowaponza wengi ni masharti. Kama risiti ya SMS haiwezi kuwashwa bila namba ya simu, iandikie ACTS sharti hilo mapema, hata kama idadi ya mistari itabadilika, kwa sababu ukisubiri ufute mstari usiowezekana baadaye, utafuta pia utatu mwingine halali uliokuwa ndani yake, na pengine hakuna mstari mwingine unaoubeba. Vilevile, andika matokeo yanayotarajiwa ya kila mstari kabla ya kuanza kupima, kwani jedwali halikuambii salio lipi ni sahihi.