Dawa ya minyoo haina kinga ya kudumu

Mama uliyeuliza kwa nini mwanao wa Mukuru, Nairobi, alimeza dawa ya minyoo shuleni na miezi michache baadaye akakutwa tena na safura, aina ya minyoo inayofyonza damu: dawa ile, albendazo ya miligramu 400, huua minyoo iliyomo tumboni siku hiyo, lakini haimkingi mtoto dhidi ya maambukizi mapya. Umesema alikwenda kwa nyanya yake Kakamega likizo ya Agosti, akacheza pekupeku, na mimi ningeanzia hapo. Viluwiluwi vya safura, yaani minyoo michanga, huishi katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, hupenya ngozi ya mguu, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda kooni vikamezwa, kisha hukomaa na kujishikiza kwenye utumbo mdogo, ambako hufyonza damu kwa muda mrefu bila maumivu makubwa. Ndiyo maana dalili inayoonekana kwanza mara nyingi ni uchovu na weupe wa viganja. Mwombe daktari ampime damu pia, kwa kuwa dawa ya minyoo peke yake hairudishi madini ya chuma yaliyopotea.

Viatu vitamsaidia dhidi ya safura; dhidi ya mchango, minyoo mingine mikubwa ya tumboni, havisaidii kitu, kwani mayai yake humezwa, kwa mfano kupitia mikono michafu au sukuma wiki iliyomwagiliwa maji ya taka na isiyooshwa vizuri.