Kadi ya mama ilirudi: ninachomwambia kila anayedaiwa mkopo asiouelewa

Jumanne niliamka nikakuta ujumbe wa msomaji mmoja wa Kahama. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake.

"Shikamoo dada. Nilikopa laki moja na nusu kwenye aplikesheni ya simu, nimechelewa siku nne tu. Wamechukua picha yangu wameandika TAPELI, wamewatumia watu wote niliowasevu. Mpaka mwalimu wa mwanangu kaipata. Naona aibu kutoka nje. Hivi sheria ipo?"

Marahaba mdogo wangu. Sheria ipo. Nitakujibu, ila nivumilie kwanza nikusimulie ya mama yangu, kwa sababu yote ninayoyajua kuhusu sheria ya mikopo nimeyajulia kwake.

Mama ni mwalimu mstaafu, yuko Tukuyu. Kazi yake yote ilikuwa darasa la kwanza na la pili: kusoma, kuandika, kuhesabu. Mwaka juzi bati za jikoni zilitoboka, na mimi mwaka ule biashara ilikuwa imelala, sikuwa hata na nauli ya kwenda kumwona. Hakuniambia. Alikwenda kwenye ofisi ya mikopo ya chumba kimoja, akakopa laki tano. Mkononi alipewa laki nne na nusu. Elfu hamsini walisema ni ya fomu. Dhamana ikawa kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Wakamwambia kila pensheni ikiingia watatoa laki moja na ishirini, miezi sita, kisha wamalizane. Alisaini karatasi nne za Kiingereza. Nakala hakupewa.

Mimi nilikuja kujua deni likiwa na miezi kumi na moja. Nilikuwa nimekwenda kwa msiba wa jirani. Asubuhi natafuta majani ya chai kabatini, nikakuta vidonge vyake vya presha vimekatwa nusu nusu kwa wembe na kupangwa kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Unga wa vidonge ulikuwa bado umeganda kwenye wembe.

"Mama, daktari kasema unywe nusu?"

"Zinatosha hivyo hivyo, mwanangu."

Nilijua hapo kuna jambo. Alikaa kimya mpaka tulipomaliza kunywa chai, ndipo akaniambia kwamba mwezi mmoja pensheni ilichelewa, wakamwandikia faini, faini ikazaa riba, na tangu hapo kila akiuliza anaambiwa bado kidogo. Alikuwa anaongea huku anakung'uta kanga yake isiyo na vumbi.

Pensheni ilipoingia nilikwenda mapema kwenye mashine ya kutolea fedha, nikasimama pembeni. Akaja kijana mwenye kibegi cha kiunoni. Alitoa kadi nyingi zimefungwa kwa mpira kama ule wa kufungia noti. Kila kadi ilikuwa na kipande cha plasta mgongoni, na juu ya plasta namba nne kwa peni nyekundu. Anaingiza hii, anatoa fedha, anaandika kwenye daftari, anaingiza nyingine. Ya mama niliitambua kwa kona iliyoyeyuka, maana aliwahi kuiweka karibu na jiko la mkaa. Kwenye foleni nyuma yake kulikuwa na watu wanane au tisa, na hakuna aliyeuliza. Wazee wangapi walikuwa wamefungwa kwenye ule mpira? Swali hilo halijaniacha mpaka leo.

Nilikosea pale. Nilimvaa yule kijana kwa kelele, nikamwita mwizi mbele za watu. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, mwalimu alisaini mwenyewe." Nikaingia benki. Nako wakaniambia mama alitoa namba ya siri mwenyewe, na masharti ya akaunti yanakataza. Mwenyewe, mwenyewe. Neno hilo lilinichoma kuliko fedha. Mwanamke aliyefundisha nusu ya mji kuandika majina yao anaambiwa kosa ni la mkono wake.

Nilikwenda ofisini kwao nikijua nitakuta matapeli wa uchochoroni. Nikakuta leseni ukutani, ndani ya fremu. Ndugu zangu, hili mlishike. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne, na wakopeshaji wasiopokea amana, yaani kampuni za mikopo na watu binafsi wanaokopesha kama biashara, wako daraja la pili, wanapewa leseni na Benki Kuu. Leseni ile ilinifanya ninyong'onyee. Nilidhani maana yake ni kwamba wanaruhusiwa kufanya waliyofanya. Siku tatu nzima niliamini hivyo. Kumbe leseni ndiyo kamba ya kuwavutia, kwa kuwa mwenye leseni ana kitu cha kupoteza.

Niliyoyafanya katika wiki mbili zilizofuata siyaelezi yote. Mengi ni kusoma usiku kwenye simu mpaka macho yanauma. Nikapata vitu viwili. Cha kwanza, Kanuni za Kumlinda Mlaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019: unalalamika kwanza kwa aliyekukopesha, kwa maandishi, na usiporidhika unapanda Benki Kuu. Cha pili, ukomo wa riba wa wakopeshaji wa daraja la pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Asilimia tatu na nusu! Nikachukua daftari. Laki tano kwa asilimia 3.5 ni elfu kumi na saba na mia tano kwa mwezi. Miezi sita ni laki moja na elfu tano. Kwa hiyo mama alipaswa kurudisha 605,000, basi. Nikaenda naye benki tukachukua taarifa ya akaunti yenye muhuri. Alikuwa ameshatolewa 1,320,000, yaani 715,000 zimezidi. Nilimwonyesha hesabu. Aliipitia mwenyewe kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anasahihisha daftari la mtoto, kisha akavua miwani.

Barua niliiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu, nikaichana. Ya pili ilikuwa ya kuomba huruma, nikaichana pia. Ya tatu ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, Kiswahili kitupu: tarehe ya mkopo, fedha aliyopewa mkononi, fedha iliyotolewa kila mwezi, jumla, na madai manne. Rudisheni kadi. Toeni nakala ya mkataba. Onyesheni hesabu ya riba na faini. Rudisheni iliyozidi. Chini kabisa nikaandika: Nakala, Benki Kuu ya Tanzania, Tawi la Mbeya. Najivunia barua ile. Sikusomea sheria, nimeishia kidato cha nne, lakini ukinipa leo niiandike upya sitabadilisha hata nukta.

Katibu wao alikataa kupiga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Nikakaa kwenye benchi. Saa nne, saa sita, saa nane. Wateja wanaingia, wananiuliza nimekuja kukopa, nawaambia nasubiri muhuri. Saa tisa na nusu akaupiga.

Siku ya tisa simu ikaita. Kadi ilirudi ndani ya bahasha, plasta bado iko mgongoni. Fedha walirudisha laki nne kwa mafungu mawili. Zilizobaki, 315,000, walisema ni gharama za ufuatiliaji. Mama akasema inatosha, tumwachie Mungu. Alibadilisha namba ya siri siku hiyo hiyo, amekinga vitufe kwa kanga. Mimi haijanitosha. Nikipita karibu na ile ofisi hadi leo navuka barabara.

Sasa ushauri, kwa wewe unayesoma hapa na ambaye najua unataka siku moja usimame mbele ya meza ya ofisi yoyote usikilizwe.

Omba nakala ya mkataba kabla hujasaini. Wakisema nakala hutolewa baadaye, ondoka. Uliza deni kwa shilingi, usiulize kwa asilimia: nitapokea shilingi ngapi mkononi, nitarudisha shilingi ngapi jumla, mwisho tarehe ngapi. Waandike majibu hayo. Kadi na namba ya siri havitoki mkononi mwako, hata kwa mtoto wako wa kumzaa. Ukilipa, dai risiti. Ukilalamika, lalamika kwa barua, na nakala yako igongwe muhuri. Ukiambiwa kitu kwa mdomo, rudi nyumbani ukiandike pamoja na tarehe. Karatasi, jamani. Mimi nilipopiga kelele kwenye foleni niliitwa mkorofi. Nilipokuja na karatasi niliitwa dada karibu ukae.

Lakini nikisema ushauri umeishia hapo nitakuwa nawadanganya. Mama alipona kwa sababu ana mtoto mwenye muda, simu na hasira. Wale wengine waliofungwa kwenye mpira wana nani? Sheria inayomlinda tu yule anayejua kuiandikia barua inamlinda aliye na nguvu tayari. Ndiyo maana nasema sheria zetu zikazwe, na zikazwe kuanzia kwa mzee, kwa mjane, kwa asiyejua kusoma, kwa mgonjwa anayekopa usiku ili alipie kitanda.

Tanzania Bara hatuna mpaka sasa sheria moja ya mlaji inayosimama peke yake. Tunategemea Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na haki nyingine zimetawanyika kwenye kanuni za kila sekta. Wenzetu Kenya waliweka haki za mlaji ndani ya Katiba ya 2010, kifungu cha 46, kisha wakatunga sheria kamili mwaka 2012. Tangu 2007 sheria yao ya mabenki inaweka kikomo: deni likikwama, riba inayoongezeka haiwezi kuzidi salio la mkopo wenyewe. Fikiria kikomo cha namna hiyo kingekuwepo kwenye daftari la yule kijana. Hata Umoja wa Mataifa, katika miongozo yake ya kumlinda mlaji ya 1985 iliyorekebishwa 2015, umewataja walaji walio hatarini na wasiojiweza kama watu wanaohitaji ulinzi wa pekee. Kwetu, mzee wa Tukuyu na mfanyabiashara mwenye wakili wake wanasimama mbele ya mkataba mmoja kana kwamba wako sawa.

Ninachotaka kisemwe na sheria ni hiki: mkopeshaji ndiye athibitishe kwamba mkopaji alielewa. Mzigo utoke mgongoni kwa mama, uhamie kwao. Mkataba uwe wa Kiswahili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu, sasa mkopo wa bati la jikoni unaandikwaje Kiingereza? Jumla ya deni iandikwe ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Anayekutwa na kadi ya mtu mwingine na namba yake ya siri ahesabiwe mkosaji hapo hapo, kabla mtu hajauliza nani alisaini. Na wewe mwenye mzazi kijijini, acha kungoja akwambie. Mwombe taarifa ya akaunti yake. Hesabu vidonge vyake.

Mdogo wangu wa Kahama, nimerudi kwako. Kwanza angalia kama hao waliokukopesha wana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni, baada ya kutoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali mwezi Agosti mwaka huo huo. Wawe na leseni au wasiwe nayo, picha yako na majina ya watu wako si dhamana ya mkopo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Kenya kanuni zao za 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa, na mwaka 2023 kamishna wao wa data alimtoza faini mkopeshaji aliyekiuka faragha za watu.

Usiku huu waombe wote waliopokea ile picha wasiifute. Wakupigie skrinishoti ionyeshe namba iliyotuma na saa. Hifadhi ujumbe wa kukupa mkopo na wa marejesho uliyokwisha kulipa. Kesho nenda kituo cha polisi, useme unanyanyaswa kwa mtandao. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Usitoke bila namba ya RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Deni lako halali utalilipa, hilo usilikimbie, lakini lipa kiasi ulichokubali, kwa njia inayoacha risiti. Halafu mwandikie mwalimu wa mwanao mistari miwili, umweleze kilichotokea kabla hajakuuliza. Ukishapata RB nitumie ujumbe, barua ya Tume tutaiandika pamoja.