Mafunzo ya Lazima Kuhusu Unyanyasaji Kazini: Maneno kwa Mwajiriwa Mpya

Kabla hujakabidhiwa hata ufunguo wa droo, ewe mwajiriwa mpya, idara ya rasilimali watu itakuandikia kwa upole wenye vitisho ikikutaka ukamilishe mafunzo kuhusu unyanyasaji kazini. Nimeyapitia katika ofisi zaidi ya moja, nayo yanafanana kama watoto wa mama mmoja, hivyo naweza kukueleza mapema yatakayokukuta.

Utaonyeshwa filamu fupi yenye bosi ambaye ubaya wake hujulikana tangu anapofungua mlango, kwa kuwa muziki hubadilika papo hapo. Bosi huyo humshika bega katibu muhtasi wake mbele ya watu wote na kumwahidi cheo kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi. Usimtafute mtu wa namna hiyo ofisini kwako, maana huenda usimwone kamwe. Mnyanyasaji halisi aghalabu ni mcheshi, mchapakazi na kipenzi cha wakubwa, na akiulizwa husema alikuwa anatania tu.

Kisha yatakuja maswali ya kuchagua jibu: meneja akimtumia mwenzako picha chafu, je, utacheka, utaisambaza, au utatoa taarifa? (Atakayekosea hapo anahitaji kuchunguzwa, si kurudia somo.) Ukijibu upesi, bado kitufe cha kuendelea kitabaki kimefungwa mpaka dakika zitimie, kwa sababu kuna mahali ambapo sheria yenyewe huhesabu muda. Katika jimbo la California nchini Marekani, sheria ya mwaka 2004 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi wawape wasimamizi saa 2 za mafunzo kila baada ya miaka 2. Mwaka 2018 idadi hiyo ikashushwa hadi wafanyakazi 5, na wasio wasimamizi wakapangiwa saa 1. Aidha, mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba, katika baadhi ya mashauri, mwajiri anaweza kujitetea kwa kuonyesha, pamoja na mambo mengine, kuwa alichukua hatua za busara za kuzuia unyanyasaji. Basi usishangae wakikifuatilia cheti chako kwa bidii kuliko wanavyofuatilia mshahara wako.

Mafunzo yakifanyika ukumbini, mkurugenzi atafungua kwa hotuba kali kisha ataondoka kwenda kwenye kikao cha dharura, na mtu wa safu ya nyuma atauliza iwapo hata kusalimiana sasa ni kosa.

Wewe subiri slaidi ya utaratibu wa malalamiko, ambayo hupitishwa haraka kwa kuwa muda umekwisha. Hapo ndipo uulize: anayepokea malalamiko akiwa ndiye mlalamikiwa, nitaenda kwa nani? Ni nani atakayenilinda nisilipiziwe kisasi? Mkufunzi akikohoa badala ya kujibu, umekwisha kujifunza jambo kuhusu ofisi yako. Ukikutwa na tatizo, andika tarehe, maneno yaliyosemwa na majina ya waliokuwepo, na kumbukumbu hiyo usiiweke kwenye kompyuta ya kazini pekee.

Usikubali pia kuambiwa kwamba mgeni kazini hana haki. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, unawataja wanagenzi, watu wanaojitolea na hata wanaotafuta kazi, na unagusa safari za kikazi pamoja na mawasiliano ya simu na kompyuta yanayohusiana na kazi. Kwa hiyo, katika nchi iliyouridhia, ujumbe wa bosi wa usiku wa manane hauwi nje ya kazi kwa sababu tu ofisi imefungwa.

Na ukimwona mwenzako amebanwa kwenye korido na mtu asiyetaka kumwachia njia, si lazima uhutubie. Mwite akusaidie printa iliyokwama, kisha mkiwa peke yenu umuulize anataka msaada gani. Printa za ofisini hukwama kila siku, hivyo hakuna atakayeshuku.