Nilitabasamu mdogo wangu alipofukuzwa kazi

*Shangazi, nina miaka 41. Mwaka wa nne huu namuuguza mama, amepooza upande mmoja. Ndugu zangu wananitumia sifa tu: "Dada, wewe ni malaika." Hawajui kwamba nikimbadilishia mashuka usiku huwa nasonya. Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia analia, amefukuzwa kazi. Nikampa pole nzuri. Nilipokata simu nikajiona kwenye kioo cha kabati: natabasamu. Je, wema wangu wote ni unafiki? Na kama wema huleta furaha, yangu iko wapi?*

*Malaika Bandia*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama palepale, kwenye kioo. Mnafiki akijikuta anatabasamu kwa msiba wa mwenzake hutafuta sababu upesi: alijitakia, alikuwa na maringo. Wewe ulishtuka, ukachukua kalamu.

Sikufichi, tabasamu lile ni baya. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyefariki mwaka 322 KK, alifundisha kwamba hata hasira ina kiasi chake kinachofaa, lakini husuda na furaha ya kuona mwenzio ameanguka hazina kiasi. Ni mbaya hata zikiwa tone. Ila hisia kuzuka ni jambo moja, kuitandikia kitanda ilale ni jambo jingine. Yako umeifukuza siku ileile.

Sasa huo unafiki unaojishtaki nao. Aristotle asingekusifu haraka, maana kwake mtu anayetenda mema bila kuyafurahia bado hajawa mwema kamili. Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, mwaka 1785 aliona vingine. Alimweleza mtu ambaye huzuni yake mwenyewe imemfunika hata hawezi tena kuguswa na shida za wengine, lakini anainuka na kusaidia kwa sababu ni wajibu. Tendo hilo, alisema, ndilo lenye thamani ya kweli. Saa nane za usiku, mashuka mkononi, mshike Kant. Msonyo wako haufuti hata shuka moja ulilobadilisha.

Lakini miaka minne si usiku mmoja, na hapo lazima tumsikilize Aristotle. Mjenzi hujua kujenga kwa kujenga, alisema, na tabia hupatikana vivyo hivyo, kwa kurudiarudia tendo. Kila usiku, mwanangu, unarudia mambo mawili: unauguza, na unaandika deni. Ndugu zako hujawahi kuwaonyesha hesabu hiyo. Wanakutumia sifa wakidhani wanalipa, nawe unazipokea kimya, deni linapanda. Kwa hiyo mdogo wako alipolia kwenye simu, moyo wako ulihisi kama kwamba hatimaye kuna mtu ametozwa.

Najua ninachokisema. Nilimuuguza mume wangu miaka mitatu. Usiku mmoja nilimaliza kumgeuza ubavu, nikaenda kukaa bafuni gizani, bomba nimelifungulia, ili akiniita nisisikie. Kesho yake jirani akanisifu mbele za watu. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu. Nilijilaumu miezi, na kujilaumu hakukumgeuza mgonjwa hata mara moja. Mambo yalianza kubadilika siku nilipomwambia shemeji yangu bila kupamba: "Nimeishiwa nguvu. Jumamosi na Jumapili kaka yako ni wako." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza dawa zinatolewa saa ngapi.

Unauliza furaha iko wapi. Neno alilolitumia Aristotle ni eudaimonia, nalo lilihusu maisha mazima yanayokwenda vema, si raha ya siku moja. Na alikiri wazi kwamba wema peke yake hautoshi: mtu anahitaji marafiki, afya, na bahati kidogo. Hakuna mwenye busara aliyewahi kukuahidi kwamba asiyelala atachangamka kwa kuwa anatenda mema. Naona unakitafuta kwenye maadili kitu ambacho nusu yake ni usingizi.

Basi waite ndugu zako, wote kwa pamoja, hata kama ni kwa simu. Usiwasomee yaliyopita. Ukianza na "miaka minne yote hii," watajitetea, na utarudi kwenye mashuka peke yako. Taja siku unazozihitaji, na kazi zenyewe zilivyo: kuogesha, kugeuza, kukesha. Mmoja atatoa visingizio. Asiyeweza kufika na agharimie mtu wa kukesha. Wakikuita malaika tena, waambie umechoka, kwa sauti ya kawaida, kisha nyamaza uwape nafasi ya kujibu.

Lile tabasamu usimkirie mdogo wako. Utajitua wewe mzigo na kumtwika yeye, tena wakati huu. Mpigie leo jioni umuulize amekula, amelala, anatafuta wapi kazi. Msikilize mpaka amalize. Halafu muombe aje akae na mama siku mbili, ulale.

Shangazi yako