Kwa mnaoanza kushuhudia Tanga: msianze na "Umeokoka?"

Wengi mnaojiunga na timu za uinjilisti hapa mjini mnakuja na swali moja mdomoni: "Umeokoka?" Linatoka hata salamu haijaitikiwa. Mimi nimezunguka Ngamiani na Makorora miaka mingi, na ushauri wangu ni kwamba swali hilo lisubiri. Injili ni habari ya jambo alilolitenda Kristo, na mtu hawezi kuitikia habari ambayo hajaisikia.

Someni vizuri Matendo 16, sura mnayoipenda. Aliyeuliza afanye nini apate kuokoka ni mlinzi wa gereza la Filipi mwenyewe. Ninyi mnakariri jibu la mstari wa 31, "Mwamini Bwana Yesu", mnafunga Biblia. Mstari wa 32 unasema Paulo na Sila wakamwambia neno la Bwana, yeye na wote waliokuwamo nyumbani mwake. Kisha akawaosha majeraha yao, akabatizwa na watu wake, akawaandalia chakula. Kazi ya usiku ule ninyi mnataka iishe kwa dakika tano penye kijiwe cha kahawa!

Kuna kijana wetu alimvaa bibi mmoja anayepika vitumbua Ngamiani. "Bibi, umeokoka?" Bibi akageuza kitumbua kwanza.

"Hujaniamkia."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mimi nimebatizwa Magila, baba yako hajazaliwa. Jumapili nashiriki Meza ya Bwana. Unataka niokoke mara ngapi?"

Kijana akabaki anaangalia chungu cha mafuta. Laiti angejua kwamba Magila ni misheni ya zamani ya Kianglikana, na kwamba Waanglikana wa Tanga wametokana na UMCA, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza waliotilia mkazo sana ubatizo na sakramenti, angeuliza jingine. Mkatoliki naye atakutajia ubatizo, kitubio na ekaristi. Mlutheri atakwambia kuhesabiwa haki kwa imani. Hapo mgeni hudhani amekuta watu wasiomjua Mungu, kumbe Paulo mwenyewe anasema mmeokolewa (Efe. 2:8), tunaookolewa (1 Kor. 1:18), na tena tutaokolewa (Rum. 5:9). Mlokole hushika zaidi ile ya kwanza, anataja hata tarehe. Bibi wa Magila anaishi katika ya pili na kuingoja ya tatu. Na msiwachonganishe Walutheri na Wakatoliki kwa ugomvi wa zamani: tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, walitia saini tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa sifa ya matendo yake. Tofauti zimebaki, ila si hizo mnazozihubiri.

Ushuhuda wenu nao upunguzeni. Robo tatu ni pombe, waganga na wanawake, halafu Yesu anapita mwishoni mbio mbio kama abiria aliyechelewa basi. Wasikilizaji wanaondoka wamekujua wewe tu.

Kwa majirani Waislamu, na ndio wengi mtakaokutana nao, acheni kuwaambia kwamba wao wanategemea matendo matupu. Si kweli, na watawajibu papo hapo kwamba hakuna aingiaye peponi ila kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Tofauti yenyewe iko msalabani: wao hawakubali kwamba Isa alisulubiwa, nasi bila msalaba hatuna la kusema. Lisemeni hilo kwa upole, mkiulizwa, kama 1 Petro 3:15 inavyoagiza. Mabishano ya hadharani sijaona yakimleta mtu. Yanajaza watazamaji tu.

Akitokea wa kuamini, msikimbilie kumwongoza sala ya toba na kuandika jina lake kwenye daftari la waliookoka. Ulizeni kwanza ana kanisa gani. Kama analo, mpelekeni kwa mchungaji wake, padri au katekista, hata kama ripoti ya mwezi itapungua.