Tai ya kushonesha: urefu, upana na kitambaa, nimejibu maswali yenu

Haya jamani, naona harusi zimefuatana, maana wiki mbili hizi maswali yote yaliyonijia ni ya tai tu. Mie nimefurahi, kwa sababu mtu atamrudia fundi mara tatu kwa suruali iliyombana kidogo, lakini tai atachukua ile inayoning'inia dukani Mwembe Tayari hapa Mombasa bila hata kuijaribu shingoni. Tai nayo ina vipimo vyake, na vipimo hivyo viko mwilini mwako, si kwenye daftari la fundi. Twende.

Fundi, mie nina futi 6 na inchi 4. Tai zote nikifunga ama zinaishia juu ya kitovu, ama ule mkia wa nyuma unakuwa mfupi mpaka naufutika ndani ya shati. Nimwambie fundi anikatie urefu gani? (Kijana wa Bamburi)

Pole bana, hilo ni tatizo la warefu wote. Tai za duka nyingi ziko kati ya sm 145 na 150, zimekatiwa mtu wa kimo cha kawaida, kwa hivyo wewe lazima zikupungukie. Lakini usiende kumtajia fundi nambari uliyoisikia kwa rafiki yako. Fanya hivi nyumbani: vaa shati, suruali na mshipi utakaovaa siku yenyewe, chukua tai yoyote unayomiliki, funga lile fundo unalofunga kila siku, halafu ivute mpaka ncha ya mbele iguse bizimu ya mshipi, isipite wala isipungue. Ukifanya hivyo mkia wa nyuma utapanda juu sana. Sasa mwambie mtu apime kutoka ncha ya huo mkia hadi pale ulipotakiwa ufike, yaani ushuke kidogo chini ya kile kitanzi cha nyuma ili upite ndani yake ukae. Hizo sentimita ndo unazoongeza. Kama tai yako ni sm 148 na mkia umepungukiwa na 10, agiza 158, imekwisha. Kwa kimo chako sitashangaa ukiangukia kati ya 155 na 160.

Na nimesema fundo unalofunga kila siku kwa makusudi. Yule anayefunga Windsor, lile fundo kubwa la pembe tatu, anakula kitambaa inchi kadhaa zaidi ya anayefunga fundo dogo tulilofunzwa shuleni, na shingo nene pia inakula. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kuhitaji tai mbili tofauti kabisa. Kitu kingine, mwambie fundi akishusha urefu ashushe na kitanzi, maana nshaona tai ndefu nzuri kitanzi kimebaki pale pale pa tai ya kawaida, mkia unachomoka kila ukiinama.

Mume wangu ana tumbo kidogo na tai inamkaa juu. Nimepima kwa tepu kutoka shingoni mpaka kiunoni nikampa fundi, bado imetoka fupi. Nilikosea wapi? (Mama wa Changamwe)

Dada, hukukosea sana, ila tepu uliishusha wima, na tai haishuki wima, inapanda juu ya tumbo ndo ishuke. Mpime amesimama, amepumua kawaida (asivute tumbo ndani, wanaume wakiona tepu wanavuta), amefunga tai juu ya shati. Halafu angalia anafungia mshipi wapi, chini ya tumbo ama juu yake, kwa sababu hapo tofauti ni kubwa mno.

Mie ni bwana harusi, mfupi na mwili mpana. Nataka ile tai nyembamba ya sm 5 niliyoona kwenye picha. Mchumba anasema hapana. Nani yuko sawa? (Kisauni)

Mchumba. Nakwambia kwa mapenzi, mwanangu, tai ya sm 5 kwenye kifua kipana inaonekana kama kamba iliyosahaulika pale, na picha za harusi zitakaa ukutani miaka mingi. Upana wa tai huuchagui kwa picha ya mtu mwingine, unauchagua kwa koti lako. Chukua tepu, pima kola ya koti pale kifuani ilipo pana kabisa, na upana wa tai ukaribie hapo. Koti lenye kola ya sm 8.5 linataka tai ya 8 hadi 9. Koti lenye kola nyembamba ya 6 au 7, hapo ndo tai ya 6 au 7 inaingia vizuri, na mtu mwembamba anaibeba. Kwa mwili wako mie ningekukatia 9, na bado usingeonekana mzee, kwa sababu kinachomzeesha mtu ni zile za sm 11 na 12 za miaka ya 70.

Kuna upana mwingine ambao karibu hakuna anayeuliza, na ndo unaoamua fundo lako litatokaje: ule wa katikati, pale tai inapozunguka ukosi na kujifunga. Unaweza kuwa na tai mbili zote sm 8.5 chini, moja ikachongoka haraka ikaenda juu nyembamba, ikatoa fundo dogo kama karafuu, nyingine ikabaki nene mpaka juu ikatoa fundo la ngumi. Shati lako ukosi wake ukifunguka sana kwa pembeni, fundo dogo litapotea pale katikati, kwa hivyo mwache fundi aache unene. Ukosi ukiwa umebana na ncha zake zinaangalia chini, fundo dogo ndo lake. Kwa hivyo ukienda kwa fundi nenda na shati. Shati na koti, vyote viwili, usiende mikono mitupu.

Tunataka tai za leso (kanga) kwa wasimamizi sita, sare na leso za mabibi. Inawezekana? Tununue doti ngapi? (Mji wa Kale)

Inawezekana na inapendeza wallahi, lakini hapa nataka tukae kidogo kwa sababu leso nyingi zimeharibiwa kwa jambo hili.

Tai yoyote nzuri inakatwa hanamu. Yaani kitambaa hukiweki sawa na uzi wake, unakilaza kwa pembe ya digrii 45. Ukikivuta hanamu kinanyumbulika na kurudi, na ndo maana tai inaweza kufungwa na kufunguliwa kila siku na bado ikanyooka. Ni jambo lililoenea tangu miaka ya 1920, Jesse Langsdorf wa New York alipoanza kuikata tai hanamu na kuiunga kwa vipande vitatu, cha mbele, cha shingo na cha mkia. Kabla ya hapo zilikuwa zinajikunja na kuchanika.

Sasa leso ina pindo la kuzunguka, ina mji, yaani pale katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa. Ukiikata hanamu, lile jina haliwezi kukaa sawa, litalala upande na litakatika katikati, kwa hivyo methali yote iliyochaguliwa kwa makini inakuwa herufi tatu nne zinazoteleza kwenda mfukoni. Usiliweke jina kwenye tai. Kama jina lina maana kwenu, katilieni vitambaa vya mfuko wa koti, hapo linasomeka. Kwa tai chukueni mji wenye ua dogo dogo lililorudiarudia, maana ua kubwa la embe litakatwa nusu na kila msimamizi atatoka na kipande chake. Pindo mie napenda kulitumia kwa ndani, pale nyuma ya ncha, mtu akiigeuza tai anaona, ni siri nzuri.

Hesabu sasa. Tai moja ikikatwa peke yake hanamu inataka kitambaa kama sm 80 hadi mita nzima, kwa sababu pembe zinazobaki ni nyingi. Zikiwa kadhaa zinapangwa zikilaliana na upotevu unapungua, ila leso mji wake una mipaka, huwezi kupanga unavyotaka. Kwa sita nunueni doti tatu, ni leso sita, kila leso tai yake, msibanane. Mtaa wa Biashara zimejaa, lakini angalieni zote ziwe za chapa moja na rangi moja, fungueni muone, msiamini zilizokunjwa.

Na kabla ya mkasi kugusa chochote, loweka. Leso mpya ina wanga, na nyingine inatoa rangi, na hapa kwetu mtu anatoka jasho shingoni kabla hata kadhi hajafika. Rangi nyekundu ikishukia kwenye shati jeupe la msimamizi hakuna kitakachoitoa mchana ule. Ifue mara mbili, maji yakitoka meupe ndo umpelekee fundi. Pia mwambie leso ni nyepesi, kwa hivyo kile kitambaa cha ndani kinachoipa tai mwili kiwe kizito kidogo, nacho kikatwe hanamu vile vile.

Na kikoi je? (ni huyo huyo wa leso)

Kikoi kizuri zaidi kwa mtu anayeogopa maua. Mistari yake ukiikata hanamu inakaa mshazari yenyewe, kama zile tai za vikosi vya Uingereza. Ila lazima fundi aamue mistari ishukie upande gani na tai zote sita zifuate. Kule Uingereza inashuka kutoka bega la kushoto, Wamarekani wa Brooks Brothers, duka la nguo, wakaigeuza. Nyinyi chagueni mnayotaka, shida ni ikiwa tatu huku tatu kule.

Nafanya kazi ofisi ya klearing karibu na bandari, feni ni moja. Ikifika saa sita mchana tai yangu imejisokota na fundo limelowa. Nishonee kitambaa gani? (Tudor)

Mambo mawili tofauti hayo. Kujisokota si joto, ni mkato. Shika tai yako katikati, pale pa shingo, iache ining'inie pande mbili. Kama inazunguka yenyewe, aliyeikata hakufuata hanamu, alikuwa anaokoa kitambaa. Mimi mwenyewe nilipokuwa bado najifunza nilimpa fundi mmoja hariri ya buluu niliyoikusanyia pesa miezi, akaikata sawa na uzi kwa sababu kitambaa kilikuwa kinakaribia kutosha. Ilikuwa nzuri mezani. Shingoni ilijipinda kama gamba la ndizi, na hakuna pasi inayorekebisha hilo. Tangu hapo nikiona kitambaa hakitoshi nakataa kazi.

Joto sasa. Epuka poliesta, inashika jasho. Hariri iliyofumwa kwa matundu madogo, ile wanayoiita grenadini na inayofumwa Como kule Italia, inapitisha hewa na fundo lake halitelezi, ila bei yake ujipange. Kitani kinapendeza Januari mpaka Machi kaskazi likivuma, kitajikunja, ukubali tu. Ama tai ya kufuma kama soksi, ile yenye ncha bapa, hiyo haihitaji hata hanamu. Mwambie fundi asiweke bitana kwenye ncha, akunje pindo kwa mkono, na ndani aweke sufu nyepesi, si ile ya kubandika kwa pasi, maana gundi na jasho ni vibaya sana pamoja. Usiagize ile ya mikunjo saba kwa sababu umesikia ni ya kifahari. Ni kitambaa juu ya kitambaa, utachemka. Na jioni ifungue fundo, usiivue kichwani ikiwa imefungwa, iache ikauke na upepo ndo uitundike kabatini.

Herufi za jina langu zikae wapi? (Likoni)

Nyuma, kwenye mkia. Mbele hapana.

Nitajuaje fundi amenishonea vizuri kabla sijamaliza kulipa? (Wengi mmeuliza)

Lipa arubuni, nusu tosha, halafu siku ya kuchukua igeuze nyuma. Utaona mshono mmoja mrefu ulioshuka katikati, na uwe wa mkono, umelegea kidogo. Ukichungulia ndani ya ncha pana wengine wanaacha kitanzi kidogo cha uzi, usikikate, huo ndo uzi wa akiba unaoiruhusu tai kunyumbulika. Mshono wa cherehani uliobana utakatika mwezi wa pili. Halafu fanya lile jaribio la kuining'iniza, ifunge hapo hapo dukani na shati lako, bonyeza chini ya fundo kwa kidole upate kile kibonyeo kimoja katikati. Kikikaa, kitambaa cha ndani ni sawa. Kikikataa kabisa, au fundo likawa gumu kama kadibodi, mwambie abadilishe cha ndani, si kazi ya siku nyingi.

Ukiondoka omba na vipande vilivyobaki, ni vyako. Kitanzi cha nyuma ndo kinachokatika mwanzo, na hutapata kitambaa hicho tena.