Miwani ya namba pungufu, usikubali kupunjwa kienyeji

Kuna ushauri unazunguka sana mtaani, eti mtoto asiyeona mbali apewe miwani yenye namba ndogo kuliko aliyopimwa ili macho "yajitahidi" yasije yakazoea miwani. Mimi navaa minasi, yaani miwani ya asiyeona mbali, tangu sekondari na nimeshaambiwa hivyo na watu kibao, wengine wauza miwani kabisa.

Jamani, jicho lisiloona mbali sio vivu. Mara nyingi ni refu kupita kiasi, mwanga unakutana mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya kutua juu yake, sasa hapo lijitahidi vipi? Lenzi ya minasi kazi yake ni kuusogeza nyuma, umepimwa -2.00 ukapewa -1.50 basi mwanga umesogea ila haujafika. Malaysia walishajaribu hii kitu kwa watoto 94, matokeo yakatoka 2002, nusu wakapewa namba kamili na wengine wakapunguziwa kama 0.75, miaka miwili baadae waliopunguziwa ndo namba zao zilipanda zaidi. Tofauti haikuwa kubwa, sawa, lakini ile faida tunayohubiriwa iko wapi?

Nimewahi kukaa na miwani ya hivyo. Mchana freshi tu, balaa linaanza giza likiingia, mboni inapanuka, taa za magari zinatawanyika kama zimemwagiwa maji, kibao cha daladala unakisoma wakati gari limeshakupita, unabana macho mpaka paji la uso linauma. Nilipopimwa sehemu nyingine kumbe kila jicho lilipunjwa 0.50 nzima.

Kwahiyo ukipima omba uandikiwe vipimo, na miwani ikiwa tayari waambie waiweke kwenye kile kimashine cha kusomea lenzi ulinganishe namba, wala usione aibu. Halafu toka nje kabisa uangalie bango la mbali, ndani ya duka kila kitu kinaonekana. Mtoto apimwe kwa matone ya kulegeza jicho, sababu jicho lake linakaza lenyewe na namba inaweza kutoka kubwa kuliko ilivyo, hiyo nayo hatuitaki.

Sisi tunaovuka 40 ni habari nyingine, daktari anaweza akapunguza kidogo makusudi ili usome simu bila kuvua miwani. Hapo sina ugomvi nae, mradi aniambie kabla na aniulize kama naendesha usiku.